Amepita Bila Kupingwa

Katika nyumba ile mgonjwa alikabidhiwa kama wodini. Mke alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akaingia chumbani kwa mama mkwe wake. Mume alikuwa amesimama upande wa kichwani mwa kitanda, koti begani, daftari mkononi. Hawakusalimiana. Salamu zilikuja baada ya ripoti.

Mume akasoma. Mama amelala vizuri. Amegeuzwa ubavu wa kulia saa nane usiku, wa kushoto saa kumi, wa kulia saa kumi na mbili. Mgongoni hakuna wekundu. Maziwa nusu kikombe, dawa ya presha amemeza. Chini ya ripoti palikuwa na mistari miwili, mmoja wa aliyekabidhi na mmoja wa aliyepokea, na kila mmoja wao aliweka saini yake na saa. Walifanya hivyo tangu mama alipopata kiharusi, mwaka wa tatu sasa. Madaftari yaliyojaa yalipangwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kila moja limevalishwa jalada la karatasi ya kaki kama la mtoto wa shule.

Jirani mmoja aliyewahi kushuhudia jambo hilo alicheka mpaka akakaa chini. Watu na ndoa yao kutiliana saini! Lakini wote wawili walikuwa wauguzi, mke mkunga wa wodi ya wazazi na mume muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kazi ile humwingia mtu mwilini. Mume ilimwingia zaidi. Kazini walimwita Saa Ngapi, kwa sababu hakupokea wala kutoa kitu bila kuuliza saa na kuiandika. Nyumbani aliandika saa kwenye pakiti ya maziwa ilipofunguliwa na kwenye mtungi wa gesi ulipofungwa. Binti yao alipoleta ripoti ya shule kutoka bweni, baba aliandika pembeni siku na saa aliyoipokea, kisha ndipo akaangalia alama.

Saa Ngapi alikuwa pia katibu wa chama cha wauguzi, tawi la hospitali yao, kwa miaka tisa. Ndiye aliyepanga viti kabla ya mkutano na kuvirudisha baada ya mkutano. Ndiye aliyeandika kumbukumbu ambazo hakuna aliyezisoma. Alikuwa amegombea uenyekiti mara mbili na kushindwa mara mbili, ya pili kwa kura sita, na hizo kura sita alizijua kwa sura. Sasa mwenyekiti wa zamani amestaafu, kiti kiko wazi, na yeye alishajiona amekikalia.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Fomu za kupendekeza majina zilizungushwa wodini wiki nzima. Aliyepata saini kumi aliandikiwa barua na kamati ya uchaguzi, na alitakiwa kujibu kwa maandishi kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi kama anakubali kugombea. Asiyejibu alihesabiwa amekataa. Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi saa kumi jioni.

Katibu aliizungusha fomu yake mwenyewe, kalamu mkononi. Saini ya kwanza kabisa ilikuwa ya mkewe. Aliitia asubuhi moja mlangoni, mkoba ungali begani, akamwambia mumewe safari hii Mungu akijalia utapita.

Kumbe huko wodi ya wazazi watu walikuwa na fomu nyingine.

*

Jumatatu, mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi, Metroni mstaafu mwenye goti bovu, alimsimamisha Katibu chini ya ngazi na kumpa bahasha mbili za kaki zenye mhuri wa chama. Moja yako, alimwambia, na hii nyingine ni ya mkeo, mpelekee, mimi ngazi za wodi ya wazazi goti langu halizitaki. Hakuona kosa. Mke na mume si ni nyumba moja? Mtu mzima, mwenye leseni yake ya ukunga na miaka kumi na tisa ya kazi, barua yake akapewa mumewe aibebe, na hakuna aliyeona ajabu.

Katibu aliingia chumba cha kubadilishia nguo. Mkono wake ukatoa kalamu mfukoni kabla hajauambia kitu, ukaandika kwenye pembe ya kila bahasha: Imepokelewa, Jumatatu, saa 7:40 mchana, na saini. Kisha akafungua. Barua yake ilimjulisha kwamba amependekezwa na wanachama kumi. Bahasha ya mkewe haikubandikwa, ilikuwa imekunjwa mdomo tu. Akaikunjua. Barua ilikuwa ileile, maneno yaleyale, ila mahali pa idadi pameandikwa arobaini na mmoja.

Alikaa kwenye benchi. Kumi zake alizitafuta kwa miguu, wodi kwa wodi, na wawili aliwabembeleza. Na katika hizo kumi moja ni ya mkewe. Bila mkewe angekuwa na tisa, na mwenye tisa haandikiwi barua.

Wivu ulimpanda palepale kwenye benchi, wivu mtupu usio na jina jingine, naye aliujua kwa sababu haukuwa mgeni. Ulianza mwaka uliopita, uongozi wa hospitali ulipofuta basi la kuwachukua wauguzi wa usiku. Katibu aliandika barua. Aliandika kumi na moja, zote zina kumbukumbu namba, zote ana nakala, na hakujibiwa hata moja. Mkewe hakuandika kitu. Asubuhi moja alimkuta Mkurugenzi kwenye korido, akasimama mbele yake na nguo za zamu zenye damu ya kuzalisha, akamweleza kwa sauti ya chini jinsi mkunga mwenzao alivyofuatwa na watu gizani mpaka mlangoni kwake. Dakika nne hazikufika. Jumatatu iliyofuata basi lilirudi, na wodi ya wazazi wakaanza kumwita Shangazi, jina ambalo wakunga vijana hawampi kila mtu.

Saa Ngapi alipiga makofi pamoja na wengine. Nakala kumi na moja zikabaki kwenye faili.

*

Haki yake apewe: alirudi nyumbani akiwa na nia ya kuitoa ile bahasha. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Alimkuta Shangazi akijiandaa kwenda zamu, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anafunga vifungo na kucheka. "Mimi? Acheni utani jamani," alikuwa anasema. "Arobaini wangapi?" Akacheka tena, kicheko cha msichana, cha mtu aliyesifiwa na hajui aweke wapi mikono. Mumewe alikuwa hajakisikia kicheko kile kwa miaka, na ilimuuma kwamba si yeye aliyekileta.

Alipokata simu walikabidhiana mama. Wakatia saini. Shangazi akasimama kidogo mlangoni kana kwamba anangoja kuambiwa jambo, kisha akaondoka kuwahi basi lake.

Saa mbili usiku Katibu alimgeuza mama yake ubavu wa kushoto, akamwekea mto mgongoni. Kiharusi kilimchukulia bibi kizee mkono wa kulia na maneno yake yote, lakini akili kilimwachia, na macho. Kwa macho hayo alimtazama mwanawe akivuta sanduku la bati, akitoa daftari la mwaka uliopita, akiingiza bahasha kati ya daftari na jalada lake la kaki, na kulirudisha chini ya mengine. Kuichana hakuweza. Hati yenye mhuri na saa ya kupokelewa haichanwi, hiyo alifundishwa chuoni na haikumtoka. Alijiambia ni mpaka kesho tu, apate usingizi kwanza.

Alipoinua kichwa alikutana na macho ya mama yake. Mkono mzima wa kushoto ulinyanyuka polepole kutoka kwenye shuka, kidole kikaelekea chini ya kitanda.

Chini ya kitanda, pembeni ya sanduku, ndipo pia ilipokaa bedpani, lile beseni bapa la mgonjwa asiyeinuka. Mwana akaichukua na kumwekea mamaye. Akangoja. Akaitoa kavu. Kisha akafungua daftari na kuandika: Saa 2:15 usiku, ameomba bedpani, amewekewa, hakupata kitu.

Alijua anachokiandika.

*

Jumanne Shangazi aliuliza. Hakuuliza moja kwa moja, alizunguka kwanza. Alisifu maziwa, akaulizia shati, ndipo akasema, huku akikunja shuka, "Hakuna barua yangu kutoka kwa kamati?"

"Barua ipi?"

"Wodini wanasema jina langu limepelekwa."

"Ikija si itapitia kwangu? Mimi ndiye katibu."

Akaitikia haya, wakatia saini, yakaisha. Yakaisha kwa nje, maana kwa ndani Shangazi alikuwa anakitaka kile kiti, tena sana, na alikuwa anaona aibu kukitaka. Alitaka aingie ofisini kwa Mkurugenzi aseme kwamba usiku wa Jumapili alikuwa mkunga mmoja na wazazi kumi na moja, na wa kumi na moja alijifungua akiwa ameshika nguzo ya kitanda, hana wa kumpokelea mtoto. Alishayapanga maneno. Aliyajaribu mbele ya kioo cha bafuni, mlango umefungwa kwa komeo, akajiona mjinga, akayajaribu tena. Lakini kwenda kwa Metroni kuuliza barua iko wapi hakuthubutu. Wangesema ana uchu. Wangesema mwanamke gani huyu anamkimbiza mumewe mwenyewe.

Basi alingoja. Jumatano mama mkwe alionyesha chini ya kitanda mara tatu, na kila mara Shangazi alimwekea bedpani na kuitoa kavu, akamfuta, akampaka mafuta, akamwambia pole mama. Bibi kizee alifumba macho na kugeuzia uso ukutani. Katibu naye kwenye zamu yake aliandika vilevile: ameomba, amewekewa, hakupata.

Alhamisi saa sita mchana Shangazi alikuwa kitandani baada ya zamu, hajalala, anaitazama saa ya ukutani. Mshale ulipopita aliuona ukipita. Alijifunika shuka usoni, akajiambia labda walimtania tu.

*

Ijumaa tangazo lilibandikwa ubaoni, karibu na lango la hospitali. Wapendekezwa walikuwa wawili. Mmoja hakujibu barua ya kamati ndani ya muda, na kwa hiyo ndugu Katibu amepita bila kupingwa, atathibitishwa kesho mbele ya wanachama.

Katibu alilisoma akiwa amesimama mbali kidogo, kama mtu anayepita tu. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka tisa. Alitarajia kifua kitajaa. Muuguzi kijana wa chumba cha upasuaji akamshika bega. "Mzee, hapo umeoa," alimwambia. "Shemeji kakuachia kiti hivihivi. Mimi wangu hata rimoti haniachii." Wenzake wakacheka. Mchana mzima ikawa ndiyo habari. Daktari wa usingizi alimwambia ampe mkewe salamu za heshima. Dada wa kufua mashuka alimwambia amshukuru Mungu kwa mke, wanawake wa namna hiyo wamebaki wachache. Metroni mwenyewe alimsimamisha chini ya zile ngazi akasema kesho kabla ya kumthibitisha ataomba ukumbi mzima umpigie makofi Shangazi, hata kama hatakuwepo, kwa moyo wake wa kujinyima.

Hakuna hata mmoja aliyempongeza yeye. Kiti alikipata, na kila aliyemshika mkono alimshika kama mtu aliyepewa msaada. Na hakuweza kusema hapana, hakuniachia, kwa sababu swali lililofuata alilijua.

Alirudi nyumbani amekunja uso. Wivu wake, badala ya kushiba, ulikuwa na njaa kuliko Jumatatu.

Huko wodi ya wazazi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Shangazi alipoingia zamu jioni ile hakuna aliyeinua kichwa. Mwenzake wa karibu, mkunga mnene mcheshi waliyemwita Mama Pacha, alimkabidhi wodi kwa sauti ya kusoma tu, kitanda cha kwanza, kitanda cha pili, mpaka mwisho, akafunika kalamu.

"Kwani nimefanya nini?" Shangazi akauliza.

"Ungetuambia tu kwamba umemwachia mumeo. Watu arobaini na mmoja tumekutilia saini, wengine wamekuja kusaini siku zao za mapumziko."

"Sikuletewa barua."

Mama Pacha alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Barua ya mtu wa saini kumi ifike, ya arobaini na mmoja ipotee," alisema. "Sawa, Shangazi. Usiku mwema."

Usiku ule alizalisha watoto wanne. Kila alipokaa kuandika, ile sentensi ilirudi na kukaa pembeni yake.

*

Jumamosi asubuhi Katibu alikabidhi haraka haraka, akaenda kwa kinyozi. Ripoti ilisema mama ameomba bedpani mara saba tangu jioni na mara zote hakupata kitu.

Mara saba zilimshtua Shangazi. Alikuwa amechoka, macho yanawaka, lakini mgonjwa mzee anayeomba choo mara saba bila kupata ni mgonjwa wa kuchunguzwa. Alimkingia mkojo asubuhi ile ulipotoka, akautia kijiti cha kupimia alichokuwa nacho kwenye sanduku la dawa. Rangi hazikubadilika. Mkojo safi. Akamshika tumbo, laini. Hakuna homa. Akakumbuka kwamba mwaka uliopita, wakati wa mvua, mama aliwahi kuwa hivi siku mbili kabla ya homa kali, akataka kuona waliandika nini. Akainama, akavuta sanduku la bati.

Mama mkwe alitoa sauti. Haikuwa neno, ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Shangazi akamtazama, akaona ule mkono wa kushoto umeshuka, umelala juu ya shuka, umetulia.

Akatoa daftari la mwaka uliopita. Jalada lilikuwa nene upande mmoja. Bahasha ikadondoka magotini.

Alisoma barua mara moja tu. Alirudi kwenye bahasha, kwenye pembe yake, kwenye mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe, ulioko kwenye pakiti ya maziwa na kwenye mtungi wa gesi. Jumatatu, saa 7:40 mchana. Na saini. Wanawake wengine hukuta barua za mapenzi, akawaza, na hao angalau wana la kuwaeleza mashoga zao.

"Mama," alisema, "ulikuwa unanionyesha hii?"

Bibi kizee alifumba macho na kuyafumbua, ndiyo yake hiyo. Machozi yalimtoka upande mmoja tu, upande unaoweza. Shangazi akamfuta, kisha akajifuta na kitambaa hichohicho. Alimgeuza ubavu wa kulia, maana saa ilikuwa imefika, akamnyoosha shuka, akakaa kwenye kiti na kufungua daftari la mwaka huu.

Aliandika kwa muda mrefu.

*

Katibu alirudi saa nane, kichwa kinang'aa, amenyolewa mpaka shingoni. Suti ilikuwa imetundikwa mlangoni. Mkewe alimwita chumbani kwa mama. Akadhani kuna hali mbaya, akaingia mbio, akamkuta amesimama upande wa kichwani mwa kitanda, daftari mkononi.

"Nakabidhi," alisema Shangazi.

"Saa hizi? Zamu yangu jioni."

"Nakabidhi sasa."

Akasoma. Sauti yake ilikuwa ileile ya wodini, isiyo na haraka. Alipofika kwenye bahasha, Saa Ngapi alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake.

"Nilikuwa nikupe Jumanne," alisema mume.

"Jumanne nilikuuliza."

Mume akaanza kwingine. Akasema miaka tisa. Akasema viti, kumbukumbu, barua kumi na moja. Akasema, na sauti ikampanda, kwamba yeye amekitumikia kile chama kama punda na hakuna anayemwona, na mkewe ameongea dakika nne tu kwenye korido. "Unajua ilivyo kuishi na mtu ambaye kila kitu kinamjia bila kukitafuta?"

"Sijui," Shangazi akasema. "Mimi saini yangu ilikuwa ya kwanza kwenye fomu yako. Ungeniambia nisigombee, tungegombana, labda ningekusikiliza. Hilo la barua ningeweza kulimeza siku moja. Lakini umemwandikia mama yako uongo kwenye ripoti. Mara saba, kwa usiku mmoja. Mimi namwekea beseni, nalitoa kavu, namwambia pole, na mwenzangu unajua anachoniambia."

Katibu aliinamisha kichwa chake kipya. Katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuandika ripoti ya uongo, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama.

Shangazi akamsogezea daftari na kalamu. Chini ya ripoti mstari wa aliyekabidhi ulikuwa na saini yake na saa. Wa aliyepokea ulikuwa mtupu.

"Ukisaini, umepokea," alimwambia. "Mkutano saa kumi. Mimi mama siwezi kumwacha. Daftari nenda nalo."

"Na nikilitupa njiani?"

"Hujawahi kutupa karatasi."

Alishika kalamu. Aliuliza saa ngapi, kwa mazoea tu, na mkewe akamwambia saa nane na dakika ishirini na tano. Akaandika hivyo, akatia saini.

*

Ukumbi wa chakula wa hospitali ulijaa. Safu mbili za nyuma walikuwa wakunga, mikono wameifunga kifuani. Metroni alisimama kwa kuegemea meza, akatoa maelezo mafupi, kisha akasema kabla ya yote anaomba makofi kwa mtu asiyekuwepo, mke mwema aliyempisha mumewe. Makofi yakapigwa upande mmoja wa ukumbi. Nyuma hayakupigwa.

Saa Ngapi alisimama na suti yake, daftari la kaki mkononi. Alikuwa na hotuba mfukoni, kurasa tatu, aliiandika tangu mwezi uliopita. Hakuitoa. Alifungua daftari, akakohoa, akaanza kusoma kutoka juu, kwa sababu hakujua ripoti inasomwaje kutoka katikati.

"Jumamosi. Mama ameamka vizuri. Joto la mwili la kawaida. Mkojo umepimwa, ni safi. Tumbo ni laini."

Watu wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka, wakidhani mwenyekiti wao mpya kwa kiherehere amebeba daftari la nyumbani. Muuguzi kijana wa chumba cha upasuaji alimpigia ishara abadilishe. Saa Ngapi akaendelea.

"Mama hakuwa anaomba bedpani. Alikuwa anaonyesha sanduku. Ndani ya sanduku, kwenye jalada la daftari la mwaka uliopita, imeonekana bahasha ya kamati ya uchaguzi iliyoandikwa jina langu mimi, mkunga. Sikuwahi kuipata. Sikukataa kugombea. Sikumwachia mtu kiti."

Kicheko kilikufa safu kwa safu, kuanzia mbele. Nyuma, Mama Pacha alifungua mikono iliyokuwa imefungwa. Katibu alichomoa bahasha kutoka katikati ya daftari, akaiweka mezani.

Metroni alivaa miwani. Aliitazama pembe ya bahasha kwa muda, kisha akamtazama mtu aliyesimama mbele yake, na ingawa alikuwa ameshaona, aliuliza, maana jambo la namna ile lazima lisemwe na mwenyewe.

"Ilipokelewa na nani, saa ngapi?"

"Na mimi," alisema. "Jumatatu, saa saba na dakika arobaini mchana."

*

Muda huohuo nyumbani Shangazi alikuwa amechukua daftari jipya na kulivalisha karatasi ya kaki. Simu ilianza kulia kwenye mkoba wake, ikakata, ikalia tena. Hakuipokea. Alimgeuza mama mkwe wake ubavu wa kushoto, akamwekea mto mgongoni, akakagua ngozi, kisha akafungua ukurasa wa kwanza.

Saa 10:30 jioni, aliandika. Mama amegeuzwa. Mgongoni hakuna wekundu. Maziwa kikombe kizima. Hakuonyesha chini ya kitanda hata mara moja.

Akatia saini mahali pa aliyekabidhi. Mahali pa aliyepokea akapaacha, akakaa na kusikiliza mlango.